Uso wa Skrubu

Swahibu, nimekaa tu kitandani. Sicheki, sikasiriki.

Nimewapigia simu wale wa kliniki ya ng'ambo watakaonipandikiza meno Jumatatu. Nikamuuliza binti wa mapokezi, anajua Kiswahili: "Uso mmeutayarishaje?"

Nilikusudia uso wa ile skrubu ya kubebea jino, inayozama kwenye mfupa wa taya. Ukikwaruzwa vizuri, mfupa unaushika. Wewe na mimi tumepiga lipu miaka thelathini, tunajua ukuta laini haushiki kitu.

Akajibu: "Usijali babu, makunyanzi ya uso tunayanyoosha siku hiyohiyo. Utarudi kijana!"

Makunyanzi! Na simu ilikuwa kwenye spika. Mkwe wangu alikimbilia jikoni kucheka.

Nikamweleza upya, polepole. Skrubu, binti. Ni laini au imekwaruzwa? Imetengenezwa na nani?

Nikamsikia akipekua karatasi. Kisha: "Babu, hilo hatujawahi kuulizwa. Daktari anaweka zilizopo."

Zilizopo. Swahibu, kwenye taya langu, zilizopo.

Nikamshukuru, nikakata simu. Mwanangu ameuliza kama aanze kupanga nguo zangu. Nimemwambia alirudishe sanduku juu ya kabati. Nitaendelea kutafunia upande mmoja.