Kidonge Ulichofunga Kwenye Leso

Mama yangu,

Nimeolewa! Ulipaswa kuwa wa kwanza kuambiwa, lakini kila nikishika kalamu naona haya. Kiprono ni mzuri, Mama. Mrefu, mpole, akicheka mashavu yanabonyea. Asubuhi ananiletea chai kitandani, ya maziwa mengi kama yako, halafu anasimama mlangoni ananitazama nikinywa mpaka nachoma ulimi kwa kucheka. Sikujua mtu anaweza kupendwa hivi. Halafu nakukumbuka, naweka kikombe chini.

Acha nikueleze siku ya harusi.

Tulikuwa tukipigwa picha nje ya kanisa, hapa Mogogosiek. Mama yake Kiprono alikuwa ameketi, amevua viatu. Wanawake wakamtania, "Mama Kiprono, umenenepa kwa furaha ya kupata mkamwana!" Alicheka, akakatiza kicheko ili avute pumzi. Mama, dalili zile nilizijua. Nikainua gauni, nikapiga magoti kwenye nyasi, nikambonyeza mguu. Kidole kikaacha shimo. Nikamnong'oneza, "Umemeza dawa leo?"

"Ile ya kukojoa? Mtoto wangu, nikimbilie chooni mchungaji akiwaombea?"

Alikuwa wewe kabisa. Wewe uliyefunga kidonge kwenye pindo la leso ukienda kuchuma majani, kwa sababu katikati ya shamba la chai hakuna choo na wanaume wanachuma mstari wa pili. Ulinionyesha fundo, ukanikonyeza: "Hiki kitangoja jioni." Jioni ulirudi umechoka, ukalala umeegemea mito ili upumue, na fundo halijafunguliwa. Nami nilicheka nawe! Nilidhani ni ujanja. Miguu ilipovimba tukalaumu gambuti.

Kiprono alitukimbiza hospitalini, mimi na gauni langu la matope. Mama yake alilazwa, akapata nafuu. Daktari alisema moyo wake umedhoofika, hausukumi damu vizuri, ndiyo maana maji yanabaki mwilini. Siku hizi madaktari wanaanzisha dawa kadhaa mapema, kwa viwango vidogo, hawangoji sana kati ya moja na nyingine kama zamani. Moja ni ya wagonjwa wa sukari. Imegunduliwa kwamba inasaidia moyo pia. Hiyo ilimkasirisha. "Mimi sukari sina! Mnanipa dawa ya jirani?" Wodi nzima ikacheka. Sasa kila asubuhi anapanda mizani, na uzito ukiongezeka ghafla tunapigia kliniki simu.

Halafu muuguzi akasema jambo lililonivunja. Ile ya kukojoa, mtu akiwa na kazi au safari, asiiruke. Aulize kama anaweza kusogeza saa, aimeze akirudi.

Kuuliza tu, Mama. Nilikusindikiza kliniki kila mara, nikakaa kwenye benchi nikichezea simu. Hizo dawa nyingine sijui kama zilikuwa zimefika huku kwetu ukiwa hai. Lakini swali lilikuwepo, na mdomo nilikuwa nao.

Jana mama yake Kiprono alipanda kilima kutoka kisimani bila kupumzika, akinipigia kelele, "Bibi harusi, unatembea kama kinyonga!" Nilifurahi, Mama. Nilifurahi mpaka nikaketi kando ya njia nikalia, kwa sababu kilima kama hicho kule kwetu uliacha kukipanda ukiwa bado mwanamke wa nguvu. Akarudi, akaketi nami. Nikamweleza yote, leso na fundo. Hakuniambia ninyamaze.

Leo asubuhi, dawa zikiwa kiganjani, akauliza jina lako. Nikamwambia. Akatazama dirishani, akasema, "Tabitha, asante kwa msichana," ndipo akameza.

Sikuombi msamaha leo. Nina furaha nyingi mno, ungedhani natania. Lakini nakuahidi, kila kliniki nitauliza, hata maswali ya kijinga, hata wakinichoka. Pumzika, Mama. Pumua vizuri huko uliko.

Binti yako,
Chelangat