Gari Lililochungulia Ua wa Mama Mkwe

Kaloleni, Voi. Jumamosi, Oktoba 1956.

Jua la leo limekuwa la kuchoma visogo, na upepo wa jioni umeleta vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria ya chai. Mvua za vuli bado zinatuchezea. Mgongo unaniuma, mikono inanuka petroli, na nina furaha nisiyojua niiweke wapi. Basi naiweka hapa.

Nianze na gari, maana bila gari leo nisingekuwa na la kuandika.

Nimekuwa na pikapu hii tangu Agosti. Mpya kabisa, ya kijani, haijawahi kuwa ya mtu mwingine. Niliifuata Mombasa mwenyewe, na niliporudi Voi nilipita mbele ya maduka, nikageuza, nikapita tena kama mtu aliyesahau kitu. Sikuwa nimesahau kitu. Nilitaka tu waone.

Ni refu, gari hili. Ukisimama kando yake bodi la nyuma linakufika kifuani, na mimi si mfupi. Watu wa Wundanyi, ninakochukua kabichi za kuleta stesheni, waliliona likipanda zile kona na pua juu wakalipa jina papo hapo: Vuria, kama ule mlima wetu unaoipita milima yote ya Taita. Jina limeshika. Siku hizi hata mimi nikiamka nauliza Vuria ameamkaje kabla sijauliza habari za mtoto, na mke wangu hununa.

Mke wangu, Mama Mghoi, hapandi bila debe. Analo debe lake la mafuta ya taa, analipindua chini, anakanyaga, anaingia, kisha anainama kulivuta debe kwa kamba aliyolifunga. Huniambia nimenunua nyumba ya ghorofa nikasahau ngazi. Na kile kibanda nilichojenga kwa mabati mapya, nikijiona fundi, Vuria alikataa kuingia. Nimeng'oa paa. Sasa tuna kibanda cha kuta tatu na nyota.

Kisa cha kamba ya nguo ndicho kilichotembea mtaa mzima. Jirani yetu Bi Zuhura huanika nguo kutoka mlango wake hadi mlingoti wa ng'ambo, njia ikiwa katikati. Wenye baiskeli hupita chini bila taabu. Asubuhi moja nikapita na Vuria, nikafika stesheni nikiona watu wananionyesha vidole, nami nikawapungia mkono kwa madaha nikidhani ni sifa. Kumbe nimebeba kanga zake zote, na shuka juu. Nilipozirudisha alinitazama kwa upole uliouma kuliko matusi. "Mwanangu," akasema, "gari lako lapenda kuvaa kuliko mkeo."

Kuna na hili la salamu. Ukiwa juu pale, mtu aliye chini haoni uso wako, anaona kiwiko. Binamu yangu alinung'unika kwamba siku hizi anasalimiana na kiwiko changu tu, kiwiko ambacho hakimjibu. Sasa nikikaribia watu ninaowajua natoa kichwa chote nje, na vumbi la Voi nalila lote mimi.

Lakini raha yake! Naona juu ya mkonge wa mashambani, safu kwa safu. Naona ndovu kabla hawajaniona. Naona mabati ya stesheni yaking'aa nikiwa bado mbali. Nimeishi nchi hii maisha yangu yote, na ni kama nilikuwa nimekaa chini.

Na kuona huko ndiko kulikoniponza.

Mke wangu ni Mkamba, kwao ni ndani kidogo kutoka Maungu, upande wa kuelekea Kasigau. Kwao mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawaongei ana kwa ana, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Wanaiita nthoni. Ni haya, lakini si haya ya kuogopa. Ni heshima iliyosimamishwa katikati ya watu wawili kama ukuta. Sisi Wadawida, Wataita wa milimani, tuna adabu zetu na wakwe, ila hii yao ni kali. Tangu nimuoe binti yake, na mtoto wetu Mghoi sasa yuko darasa la tatu, mama yule hajawahi kunisemesha neno moja. Kila kitu kimepita kwa mke wangu: salamu, pole, hata asante ya sukari.

Nami nilijua kazi yangu. Nikienda kwa baiskeli nilikuwa napiga kengele tangu mbali, yeye anaingia nyumbani, na hata nikisahau, ule ua wao wa miiba ulinipita kimo. Ua ule ulijengwa kwa watu wa miguu na wa baiskeli.

Mwezi uliopita nikaenda na Vuria mara ya kwanza, mimi na mke wangu. Nilikuwa nimejaa sifa mpaka nikasahau honi. Nikakata kona ya mwisho, nikatazama mbele, na nikaona uani kote kwa mama mkwe juu ya ile miiba. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichwa wazi bila kitambaa, mguu ndani ya karai. Akainua uso. Tukatazamana.

Niliuona na mguu. Kuanzia juu ya kifundo ulikuwa donda moja, pana, jeusi pembeni. Donda ndugu.

Nilikanyaga breki nikainamisha kichwa juu ya usukani, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mke wangu, aliyekuwa ameinamia debe lake asione kitu, aliposikia hasira yake ilitaka kuniangukia. Nilimwambia nimekosa, ila aende akauangalie mguu wa mama yake kwanza, kisha aje anigombeze. Hakuwa akijua. Mama alikuwa akiufunika kwa leso kila tukienda, akisema ni mwiba ulimchoma.

Tulipofika nyumbani ndipo akanigombeza. "Mwenye macho haambiwi tazama," alisema, "lakini wewe ulipaswa kuambiwa usitazame."

Nikaenda hospitali kuuliza. Dresa, yule msafisha vidonda, akanisikiliza na kuniambia bila kuzunguka: donda la namna hiyo likifika mfupa, watakata mguu, na wakichelewa kukata, basi tena. Aletwe upesi.

Kumleta vipi sasa? Kutoka kwake hadi stesheni ya Maungu ni mwendo ambao mguu ule hauuwezi. Gari lipo, la mkwewe, na ndilo gari lililomchungulia. Mbele kuna kiti kimoja kirefu tu, bega kwa bega na dereva. Hilo halifikiriki hata kwa mzaha. Nyuma? Kupanda nyuma kunataka mtu anyanyue mguu hadi kifuani au ainuliwe na watu. Shemeji yangu Mutua, kaka wa mke wangu, alisema yeye na wenzake wangemwinua. Mama alijibu kwamba yeye si gunia la mahindi, na kwamba hatapakiwa akitikisa miguu hewani mbele ya gari la mkwe. Afadhali donda limle akiwa na heshima zake. Akaagiza ua uongezwe miiba. Nilipokwenda tena, na honi naipiga tangu barabara kuu, sikuona hata paa.

Nililala vibaya siku zile. Nilikuwa nalitazama gari langu asubuhi, zuri, refu, na kwa mara ya kwanza nikatamani lingekuwa fupi. Nikawaza kuuza. Nilijiuliza kama mtu anaweza kumuua mama mkwe kwa urefu wa gari.

Walioamua kesi walikuwa mbuzi.

Jumatano nilimpeleka mke wangu amsihi mama tena. Nilimwacha Vuria nje ya ua, amegeuzia mgongo kichuguu kikubwa cha mchwa kilicho karibu na zizi, nami nikaenda kukaa kwa Mutua kama adabu inavyotaka. Nyuma kulikuwa na majani ya kabichi yaliyobaki. Mbuzi wakaona. Wakapanda kichuguu mmoja baada ya mwingine, wakavuka hatua moja, wakaingia garini taratibu kama waumini wanaoingia kanisani. Mama mkwe alikuwa mlangoni akiwatazama kupitia pengo la lango. Mke wangu anasimulia kwamba mama alisema, "Hao hakuna aliyewabeba."

Baadaye akaongeza, "Mwambie Mutua achukue jembe."

Mutua amechonga ngazi kwenye kile kichuguu, pana, za kupumzikia, na juu amekisawazisha. Leo asubuhi nimefika na honi yangu. Nikarudisha nyuma polepole, mke wangu akinielekeza, mpaka bodi likagusa udongo. Nimesema mengi kuhusu urefu wa gari hili, lakini sijapata kuona kitu kikilingana na kitu namna ile. Kichuguu na Vuria, usawa mmoja.

Kisha nikashuka, nikaenda mbele ya gari, nikasimama nikiutazama mlima Kasigau kama mtu anayetaka kuununua. Nyuma yangu nilisikia fimbo yake ikigusa ngazi. Inagusa, anapumua. Inagusa, anapumua. Nilitamani kugeuka nimshike mkono, mama wa watu, na machozi yalinilenga. Sikugeuka. Halafu nikasikia miguu juu ya mbao. Ameingia akitembea. Wanawake wa pale walipiga vigelegele, naye, nimeambiwa, akawaamuru wanyamaze, hakuna harusi hapa.

Mke wangu alikuwa ameweka godoro, lakini mama alichagua kigoda chake, akauegemeza mgongo wake kwenye ukuta wa nyuma ya dereva, akitazama tulikotoka. Mimi mbele natazama tunakokwenda. Kati yetu bati, na kwenye dirisha la nyuma nilikuwa nimetundika leso. Mgongo kwa mgongo. Nthoni imetimia.

Kimebaki kioo. Nimekumbuka nikiwa tayari nimewasha: kile kioo cha pembeni cha kutazamia nyuma. Jicho likiteleza tu, nimekosa tena. Nikakigeuza kikatazama mbinguni.

Kwa hiyo nimeendesha kutoka Maungu hadi Voi bila macho ya nyuma, katika barabara ile ya vumbi ambayo malori ya Mombasa yanaruka kama yamekatwa kamba. Niliomba Mungu. Hatukuwa tumeenda mbali nikasikia juu ya kichwa changu: ngo, ngo. Bati linagongwa. Nikajua mke wangu ameona kitu, nikavuta kushoto. Lori likapita likipiga honi, limejaa magunia, na vumbi lake likatufunika wote. Mbele tena, ngo, ngo, nikavuta, likapita basi. Nikianza kukimbia kwenye matuta, ngo moja, kali. Nikapunguza. Tukaenda hivyo mpaka Voi, nami nikazoea, nikafurahia hata. Sijawahi kuendesha vizuri kama leo.

Baraza ya hospitali ya hapa iko juu, nashukuru aliyeijenga. Nikarudisha nyuma hadi ukingoni. Mke wangu akashuka kwanza akaja dirishani kwangu kuniambia anamwita dresa. Nikamsifu. Nikamwambia leo amekuwa macho yangu, angechelewa kugonga kidogo tu, lile lori lingetuzoa.

Akanitazama. "Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa mama kwa mikono yote miwili tangu Maungu," akasema. "Si mimi niliyegonga."

Nimekaa nikiwa nimeushika usukani wa gari lililozimwa.

Na hapo, mke wangu akiwa amesimama mbele ya macho yangu, bati likagongwa tena. Ngo, ngo, ngo. Polepole. Barabarani hakukuwa na lori, na gari lilikuwa limesimama. Mke wangu akaweka mkono mdomoni. "Anabisha hodi," akasema.

Nilitaka kujibu na sikuwa na ruhusa ya kujibu kwa mdomo. Nikapiga honi. Imetoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Wagonjwa barazani wameruka, na dresa akatoka kunikaripia kwamba hapa si stesheni. Nyuma ya ile leso nilisikia kicheko kidogo cha mzee, kikazibwa haraka.

Amelazwa. Dresa anasema donda halijagusa mfupa, mguu utabaki, ila atakaa huko wiki kadhaa akisafishwa. Mke wangu atalala naye leo. Mimi na Mghoi tumekula ugali na kabichi, tena kabichi, na amenicheka kwa kupika vibaya.

Kabla ya kuja kuandika nimetoka na taa kumwangalia Vuria kwenye kibanda chake kisicho na paa. Vumbi jekundu kutoka pua hadi mkia. Nimekanyaga debe la mke wangu nikatazama paa la juu ya kiti cha dereva, na pale, katikati ya vumbi, zimo alama za ngumi ndogo, nyingi, zimekaribiana.

Kesho baada ya kanisa nitaliosha gari lote. Juu pale sipagusi.