Sauti Yangu Ilikwenda Bila Mimi

Alhamisi, baada ya alasiri. Joto la leo halina upepo, na mawingu yamekaa tu juu ya Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, bila kunyesha. Niko barazani, simu mkononi. Sijala tangu asubuhi, na wala si kwamba nimefunga.

Nataka kuandika hapa lililompata Rosalina kabla sijaanza kujitetea.

Kwa miaka miwili tulifanya kazi pamoja kwenye mradi wa kipindupindu, nyumba kwa nyumba, tukigawa dawa ya maji na kufundisha namna ya kuitumia. Mimi mtu wa pwani, yeye Mmakonde wa Mueda, huko bara. Tulipangwa hivyo kwa makusudi. Kwa watu wa pwani nilianza mimi: hodi, salamu, pole kwa waliofiwa, kisha nataja mimi ni mtoto wa nani. Rosalina alisimama nyuma yangu, na tukishakaribishwa yeye ndiye aliyevua viatu na kuinamia mtungi. Kwa waliokimbia vita kutoka bara tulibadilishana. Alizungumza yeye, mimi nikabeba ndoo.

Ilikuwa kazi ya polepole. Nyumba moja iliweza kutuchukua nusu saa. Lakini huku kwetu kuna uvumi kwamba sisi wenye dawa ndio tunaoleta ugonjwa, na uvumi huo hauondoki kwa haraka. Unaondoka pale mtu anapokaa mkekani akanywa maji hayohayo yaliyotiwa dawa mbele ya wenyewe.

Mwezi uliopita zikaja tableti. Msimamizi wetu, ambaye tunamwona kwenye kioo cha simu tu, alieleza kwamba sasa kila mtu atakwenda peke yake, maana lugha zitakuwa ndani ya chombo. Mimi nirekodi Kimwani, lugha yetu ya pwani, na Kiswahili, Rosalina arekodi Kimakonde. Tutafikia nyumba mara mbili ya zile za zamani.

Nilifurahi. Hilo lazima niliseme. Kati ya watu wote walichagua sauti yangu. Nilijifungia chumbani, nikaziba dirisha kwa godoro, nikasoma maneno waliyoniletea. Na kwa kuwa sijui kuzungumza mlangoni kwa mtu bila kujitambulisha, nikaongeza la kwangu mwanzoni: "Mimi Atija, mtoto wa marehemu fundi Saidi." Msimamizi akasema linapendeza, libaki.

Rosalina hakufurahi. Aliniuliza, "Dada Atija, na wakiniuliza swali?"

Nikamwambia abonyeze tena.

Jumatatu alipangiwa kijiji kimoja cha ufukweni, upande wa Olumbi. Ni kijiji cha ukoo wa baba yangu. Mimi nilipangiwa kambi ya watu wa bara. Tableti ndiyo iliyopanga, na yenyewe haijui ukoo wa mtu. Kambini watu walicheka kumsikia Rosalina akizungumza kutoka mikononi mwangu, na mama mmoja akajibu salamu zake kabisa. Nami nilicheka pamoja nao.

Kwa Rosalina, nyumba ya tatu ilikuwa ya shangazi Amina, binamu yake baba, aliyenilea nilipokuwa mdogo. Shangazi alisikia sauti yangu uani akatoka haraka kunipokea. Akamkuta mwanamke asiyemjua, peke yake, ameshika chombo. Akauliza Atija yuko wapi. Kiswahili cha Rosalina ni cha kuokoteza, akababaika, akabonyeza tena. Nikajitambulisha tena, vilevile, kwa uchangamfu uleule. Shangazi akaniita kwa jina. Nikamjibu aoshe ndoo kabla ya kutia maji.

Kijiji kile kimepoteza watu wengi miaka hii ya vita. Kuna waliowahi kumpigia mtoto wao aliyepotea, simu ikapokelewa na mtu mwingine. Sauti ya ndugu yao kutoka mkononi mwa mgeni, na mwenyewe hayupo, kwao si jambo la kucheka. Walidhani nimeuawa. Wanaume wakaja mbio, wakaivunja tableti, wakampiga. Wakamvunja mkono wa kulia, wakamng'oa meno mawili, wakamfungia jikoni.

Sasa nije kwenye lile ninalolikwepa.

Walinipigia kutoka kijijini. Mara tatu, kwa namba nisiyoijua. Simu ilitetema kwenye pochi, nikaitazama, nikairudisha. Nilikuwa nimebakiza nyumba nne ili jina langu ligeuke kijani kwenye orodha ya waliomaliza nyumba zao, mbele ya wenzangu wote.

Nilipiga baada ya adhuhuri, jina likiwa limeshakuwa kijani.

"Atija, ndiwe?" shangazi aliuliza.

"Ndimi, shangazi."

"Sema kitu kisichokuwemo kwenye kile chombo."

Nikamkumbusha yule mbuzi wake aliyekula gauni langu la Idi, nikalia siku nzima, naye akanishonea jingine kwa kanga yake mwenyewe. Nikamsikia anaanza kulia. Ndipo akaagiza mlango wa jikoni ufunguliwe. Rosalina alikaa mle zaidi ya saa mbili, na zaidi ya saa moja kati ya hizo ni ya zile nyumba zangu nne.

Jana tulikuwa na mkutano wa video. Msimamizi alitoa pole, akasema tableti nyingine inakuja, na sauti yangu itaendelea kutumika ila jina litakatwa. Mmoja baada ya mwingine wenzangu wakaweka dole gumba. Na mimi nikaweka.

Rosalina amelazwa hospitali ya Mocímboa. Tangu Jumatatu nimemtumia ujumbe wa sauti mara sita, na hajafungua hata mmoja. Mchana huu amenijibu mumewe, Bernardo, kwa maandishi: "Dada Atija, Rosa anasema sauti yako imemtosha. Ukiwa na neno, njoo."

Nimeyasoma mara nyingi. Hayana hasira, na ndiyo maana yananiumiza.

Kesho ni siku ya kazi. Nisipofungua tableti saa moja kamili nitahesabiwa mtoro, na mkataba wangu unakwisha mwezi huu. Mama yangu na wanangu watatu wanakula kwa mkataba huo. Naogopa, sitajifanya siogopi. Halafu kuna hiyo barabara yenyewe ya kwenda Mocímboa, ambayo hakuna anayeipita siku hizi akiwa na moyo mtulivu.

Nimeshaulizia gari. Linaondoka baada ya swala ya alfajiri, na tableti nitaiacha mezani, imezimwa. Nikifika hospitalini sitaingia moja kwa moja. Nitasimama mlangoni mwa wodi, nipige hodi, nimwambie ni mimi Atija, kisha ninyamaze nimsubiri aseme.

Na asiponikaribisha?