Jeep ya Safu Tatu kwa Mutumbwi Wako

Baba ya watoto wangu,

Nimeutoa mutumbwi wako. Nakuambia hilo kabla ya salamu, kwa sababu wewe hukupenda mtu anayezungusha maneno. Nimempa papa Kambale, yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka la sabuni na makayabu, samaki wa chumvi, na yeye amenipa jeep yake ya viti safu tatu. Kesho asubuhi tunapanda sisi tisa, tunakwenda kwetu Banalia. Anayeandika ni Bibiche, mjukuu wako, maana mimi mkono wangu unajua mwiko tu. Nimemkataza kunisafishia maneno.

Umelala hapa nyuma ya jiko, hatua sita kutoka ninapokaa. Siku tulipokuzika makombora yalikuwa bado yanapita juu, hatukuweza kufika makaburini. Faustin wetu alichimba, mimi nikashika taa. Sikulia. Watu walidhani ni nguvu. Si nguvu, baba. Toka siku ile hata ulimi wangu hausikii chumvi. Mkwe wako Georgine anapika, ananiuliza, "Mama, chumvi iko?" Namwambia iko. Sijui kama iko.

Unakumbuka tulivyoununua huo mutumbwi pale Yanonge? Nilikuwa na mimba ya Faustin, miguu imevimba. Mwenye kuuza alikuwa ameupaka mafuta, unang'aa kama bibi arusi, na kila mtu anausifu. Wewe hukuuliza bei. Uliuvuta hadi nchi kavu, ukaujaza maji mpaka juu, ukakaa chini kuvuta tumbako. Yule mzee akakasirika: "Weye, unanunua mutumbwi ao unanunua kisima?" Ukamjibu, "Nangojea nione iko inakunywa wapi." Maji yakatoka kidogo karibu na mkia, ukaweka alama kwa kaa la moto. Halafu ukatupandisha ukoo mzima ndani, wazito nyuma ili pua inyanyuke, na wewe nyuma kabisa kwenye kibao chako. Uliwaambia shangazi zako waimbe na wacheze humo humo. Shangazi yako mnene alidhani umerukwa na akili. Hatukuzama. Ndipo ukauliza bei.

Nilikupenda sana siku ile. Sikukuambia, miguu ilikuwa inauma.

Sasa mto umefungwa. Chini kule kuna watu wa bunduki wengine, juu huku kuna wengine, na mutumbwi wako umekaa ufukweni miezi mingi, hauendi hata kuchota maji. Kabla ya vita kuingia mjini nilikuomba tuondoke, tufuate barabara ya Banalia. Ukasema, "Mama, mutumbwi hauna magurudumu. Kesho tutaona." Kesho yako ilikuja na makombora. Sisi tulikuwa tumelala kwenye shimo la takataka, mimi nakuita, na wewe ulikuwa umekwenda kukaza kamba ya mutumbwi. Walikukuta umeishika bado.

Donc, basi, papa Kambale alipokuja kusema anautaka mutumbwi, eti mto ukifunguka awe wa kwanza kushuka na mzigo, nilimsikiliza. Jeep yake aliificha miezi yote nyuma ya magunia, bila magurudumu, ndiyo maana askari hawakuichukua. Alikuwa ameirudishia magurudumu na kuipaka mafuta. Iling'aa kama bibi arusi.

"Mama, angalia," anasema, "safu tatu! Mbele wawili, katikati watatu, nyuma watatu. Na mutoto anakaa juu ya magoti. Hii iko gari ya famille, ya ukoo mzima. Hata padri hana."

Nikamwambia Faustin lete ndoo.

"Ndoo ya nini?"

"Ya maji. Mwaga juu."

Papa Kambale akashika kichwa. "Mama! Hii hapana mutumbwi!" Lakini Faustin ni mtoto wako, alishapanda. Tukamwaga ndoo nane. Mbele pakavu. Katikati pakavu. Safu ya tatu maji yakaingia chini ya mlango wa nyuma na kukaa kwenye zulia. Nikaweka alama kwa kaa la moto, kwenye rangi yake hiyo hiyo. Akanung'unika, nikamwacha anung'unike.

Kisha nikawapandisha wote. Hakuna aliyeuliza akae wapi. Georgine na mimi, wazito, tukaenda nyuma moja kwa moja, pamoja na Bibiche. Wadogo wakakaa katikati na mbele. Papa Kambale akacheka mpaka akashika mlango, akatuita watu wa maji.

"Batu ya mayi! Wakubwa wanakaa mbele, mama! Gari haipandishe pua!"

"Kwetu mwenye akili anakaa nyuma," nikamjibu. "Ewe Faustin, endesha."

Tulifika kwa jirani wa tatu tu. Nyuma ikakaa chini kama kuku anayeatamia, na tairi likaanza kusaga bati, krrr, krrr. Faustin akaingia chini ya gari. Springi moja ya nyuma ilikuwa imekatika, imefungwa kwa mpira mweusi wa baiskeli. Tungekaa kama wanavyokaa watu wenye akili za gari, tusingejua mpaka porini.

"Papa Kambale," nikasema, "hii iko springi ao iko kifurushi ya kuni?"

Akaacha kucheka. "Bon. Nitaibadilisha, mama. Naapa kwa rozari."

"Rozari iache. Badilisha springi."

Likabaki jambo moja, na hilo sikujifunza kwako. Nililijifunza kwenye shimo la takataka. Njiani kwetu, baada ya daraja la mto Tshopo, kuna Kapalata, kambi ya askari, na askari akisema shuka hapendi kungojea safu ya tatu. Na kombora halingojei kabisa. Basi nikawakalisha tena. Mara hii nikafanya alivyotaka mwenye gari, watoto watatu wadogo nyuma. Nikangoja watulie. Nikapiga kelele kama nilivyokupigia wewe: "Lala chini!"

Tulitoka wa mbele, tukatoka wa katikati, tukajitupa mtaroni. Nilipoinua kichwa, wale watatu walikuwa bado ndani. Kutoka kwao lazima kiti cha katikati kikunjwe, na kile chuma cha kukunjia kilikuwa kimekwama. Walituangalia kupitia kioo. Kale kadogo, Nathalie, kaliweka mkono kwenye kioo, kakadhani ni mchezo, kakacheka.

Nilisimama nikawaangalia. Sikusikia kitu ndani yangu, baba. Niliona tu kwamba ngumi zangu zimejaa udongo wa mtaroni, na zinakataa kufunguka.

Papa Kambale akasema taratibu, "Batoto wanakaaka nyuma kila wakati, mama. Hapana shida."

"Nani aliyekuambia mimi naulizia wazee? Naulizia hao hao watoto."

Akaenda mwenyewe kuwatoa. Ana watoto pia.

Nikaagiza kiti cha safu ya tatu king'olewe chote. Faustin alikifungua kwa spana, tukakitupa kwenye mlango wa papa Kambale, auze akitaka. Pakabaki bati tupu, na mlango wa nyuma ulio mpana. Nikaona kwamba mtu akikaa humo kwa upande, mgongo dirishani, akisukuma mlango yuko nje tayari. Palihitaji kitu cha kukalia tu.

Nilishuka ufukweni na Faustin. Nikamwonyesha. Akachukua nyundo akang'oa kibao chako cha nyuma, kile ulichokichimba kwa makalio yako miaka yote, kina mabonde mawili kama sahani. Tukakifunga kwa misumari mikubwa ndani ya jeep, ubavuni. Tukajaribu tena. Kabla sijamaliza "lala", Nathalie alikuwa ameshalala majanini. Ndipo nikasema ndiyo.

Papa Kambale alipokwenda kuchukua mutumbwi alirudi mbio.

"Mama, mutumbwi hauna kiti ya nyuma!"

"Hata jeep yako, papa. Tuko sawa."

Akacheka, akaniletea sabuni mbili za safari. Si mtu mbaya. Springi mpya ameifunga, nimelala chini mwenyewe nikaiona.

Labda watatunyang'anya jeep pale Kapalata. Basi tutatembea, daraja litakuwa limebaki nyuma. Labda tutafika Aruwimi, huo mto wa kwetu ulioucheka kila siku ukiuita mtaro. Utanisamehe, nitawafundisha wajukuu wako kuogelea kwenye huo mtaro. Kaburi nimelifagia. Jirani mama Véro atalifagia kila Jumamosi, na asipofagia nitajua, nitarudi nimtukane.

Nyuma nitakaa mimi, na watatu wadogo.

Jana nilikwenda kukaa peke yangu kwenye kibao, nione kama kimeshika. Kimeshika. Nilikaa kwenye bonde lako, ni kubwa kwangu. Sikulia, hapana, usijisifu. Lakini Georgine aliponiletea pondu, majani ya muhogo, humo humo ndani ya jeep, nilikula tonge moja nikamwita.

"Georgine, unataka kutuua? Chumvi imezidi."

Akasimama na kijiko mkononi, akaanza kulia yeye.

Baki salama hapo ulipo. Sisi tunakwenda kupita daraja.

Mimi bibi yako, mama ya Faustin