Herlinda Tapia, Aliyerudi Ndani
Jiji la Mexico, 19 Septemba 2018

Mama,

Leo umetimia mwaka tangu nyumba yetu ya mtaa wa Narvarte ianguke nawe ukiwa ndani.

Mtaa mzima ulikujua kwa mgahawa wako wa meza chache, na kwa ulimi wako. Aliyebakiza chakula ulimwuliza, "Umepata mpishi mwingine, siyo?" Mgonjwa ulimpelekea supu hadi kitandani, ukamsimamia mpaka amalize.

Lakini Septemba kumi na tisa hukuwa na utani. Asubuhi ya tarehe hiyo, mwaka wa themanini na tano, tetemeko lilimwangushia jengo mdogo wako Otilia. Ulimsikia akikuita chini ya kifusi. Kisha hukumsikia tena.

Basi mwaka jana, tarehe ile ile, jiji lilipofanya zoezi la kujikinga na tetemeko, ulikuwa wa kwanza kutoka. Mwanao Fermín akakucheka.

"Mama, ardhi haina kalenda!"

"Haina, lakini mimi ninayo. Toka nje, kichwa ngumu wee!"

Tulirudi ndani tukicheka. Saa saba mchana ilipopita kidogo, masufuria yakaanza kugongana. Ardhi iliruka kabla king'ora hakijalia. Ulitusukuma wote barabarani, wewe ukatoka wa mwisho.

Ulikuwa salama, Mama. Ulisimama nasi, umemshika mjukuu wako Itzel mkono. Ndipo ukatazama juu.

"Mzee Plutarco!"

Jirani yetu wa ghorofa ya pili, asiyesikia, asiyetembea bila mkongojo. Baba alikukamata aproni. Ikabaki mkononi mwake.

Vumbi lilipotua, nyumba haikuwapo.

Watu tusiowajua walikuja na ndoo na koleo. Mmoja akiinua ngumi, barabara nzima ilinyamaza, tusikilize. Tulinyamaza mara nyingi bure. Kisha tukakusikia.

"Tuko wawili! Mtoeni Mzee kwanza, yuko upande wenu."

"Na wewe, Mama?" Amparo alilia.

"Nimebanwa. Hao wanaochimba wamekula?"

"Bado."

"Sasa unangoja nini? Walishe!"

Akaenda kuomba mikate kwa majirani, kwa kuwa umemtuma wewe. Aliporudi, Mzee Plutarco alikuwa ametolewa, mzima, mweupe kwa vumbi hadi kwenye nyusi. Ngumi zikainuliwa tena. Tukakuita. Tukakuita mpaka sauti zikatukauka.

Mzee anasema kule chini ulimkumbatia muda wote, ukimwimbia. Hakusikia hata neno moja. Alihisi tu kifua chako kikivuma mgongoni mwake, akajua hayuko peke yake.

Leo zoezi lipo tena. Tutatoka sote.

Tunaokukumbuka ni mumeo Casimiro, wanao Fermín na Amparo, mjukuu wako Itzel, na Mzee Plutarco, ambaye sasa anaishi nasi na anabakiza chakula kila siku, bila wa kumkemea.

Daima tutakukumbuka, Mama, na daima tutakuita.