Cherehani ya Mama Yako Imerudi

Mpwa wangu mpenzi,

Pokea salamu tele. Sisi wazima, ila jino linanisumbua. Bila shaka umesikia wezi waliingia kwangu, mimi fundi makufuli ninayeheshimiwa mji mzima! Walipitia dirishani, maana mlango wangu hata jeshi haliufungui. Wakabeba redio, pasi na cherehani ya marehemu mama yako, pamoja na lile gauni lako aliloliacha halina mikono.

Basi nikamsaka mmoja wao siku tatu, nikamkaba shingo. Haya, ukweli ni kwamba alikuja mwenyewe mchana kweupe, anasukuma mkokoteni huku analia.

"Mzee, chukua vitu vyako! Yule mama haniachi nipumue."

"Mama gani?"

"Mnene, ana kidoti shavuni. Anashona tu, anauliza mwanawe atakuja lini."

Nilimcheka. Lakini mwizi yule hakuwahi kumwona dada yangu, na picha yake sina.

Gauni lilirudi na mkono mmoja. Nikasema labda mkewe ni fundi. Jumanne nakunywa chai, nikasikia cherehani inakwenda chumbani. Nikaingia kifua mbele. Hakuna mtu, kiti bado kina joto, na mkono wa pili umeshaanzwa.

Mimi siogopi kitu, unanijua. Ila njoo ulivae, mama yako akuone, apumzike. Hukuja kumzika, na sikulaumu.

Barua hii naiandikia dukani, ninakolala tangu Jumanne. Benchi la hapa ni zuri mno kwa mgongo.

Ni mimi mjomba wako, simba wa makufuli.