Tangu Tutoke Hotelini, Mume Wangu Ananiita Madam

Mpendwa Bi Sikujua,

Naomba ushauri wako na tafadhali usinicheke, maana wenzangu ninaolala nao chumba kimoja hapa Al Twar wamenicheka vya kutosha. Mimi ni Mkenya, kazi yangu huku kwa Waarabu ni kusafisha vyumba katika hoteli moja ya Deira na kazi hiyo naijua, msimamizi wangu akipata wasichana wapya huwaleta waone kitanda nilichotandika mimi. Mume wangu Naftali ni mlinzi, analala kwenye majengo ya kampuni kule Muhaisnah, kwa hiyo tumeoana lakini ndoa yetu ni ya siku ya ofu, tunakutana mkahawani, tunakula, tunampigia simu binti yetu Ivy aliye kwa nyanya yake Vihiga, kisha kila mtu anarudi kwenye kitanda chake, na ndiyo maana mwaka huu tulisema liwe liwalo, tunaenda likizo pamoja kwenye hoteli ya ufukweni, zile ambazo unalipia kila kitu mara moja, ukifika unafungwa ukanda mkononi kisha unakula na kunywa bila kuulizwa.

Tulipendeza, Bi Sikujua. Naftali alivaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, tukafunguliwa mlango tukaitwa sir na madam, nikatuma picha kwenye kundi la familia na mama mkwe akajibu kwamba hata chifu wetu hajawahi kulala mahali kama hapo. Chai yao ilikuwa maji matupu, na viti vya kando ya bwawa vilikuwa vimeshawekewa taulo na watu walioamka mapema kutuzidi, lakini samaki alikuwa mtamu na ufunguo ulikuwa wetu, tukifunga mlango umefungwa.

Shida ilianzia bwawani. Siku moja nilishuka nikamkuta Naftali amesimama ukutani, mikono nyuma, anatazama wanaoingia na wanaotoka, na lile shati lake jeupe, basi bwana mmoja aliyejilaza na familia yake akamwita, "Boss, taulo," na mume wangu badala ya kumwonyesha ukanda wake akasema, "Yes, sir," akaenda akaleta taulo, akawasogezea na mwavuli, yule bwana akampa bakshishi naye akaipokea kwa mikono miwili mbele ya macho yangu. Alinijia akicheka. Nilimwambia, "Naftali, tumekuja hapa kuwa wageni," akanijibu, "Kwani taulo ni nzito?"

Na bakshishi yenyewe hakunipa. Siku ya kuondoka aliiweka chini ya mto iwe ya Proscovia, dada wa Uganda aliyesafisha chumba chetu, utadhani mume wangu ni tajiri, na Proscovia kwetu hakuwa hata na kazi, kwa sababu kila asubuhi akifika anakuta nimeshatandika kitanda na kona za shuka zimekaa sawa, nimepangusa sinki, nimekunja taulo, anabaki kukaa tu tunapiga stori. Asubuhi ya siku hiyo hiyo ya taulo aliniambia, "Sister, wewe utanifukuzisha kazi," na Naftali aliyekuwa mlangoni akasema, "Mama Ivy, hata hapa? Khalas bwana, twende majini." Nilimwambia atangulie.

Kwenye teksi ya kurudi nilisema lililokuwa moyoni, kwamba mimi niliolewa na mwanamume, sikuolewa na mbeba taulo. Teksi ikasimama Al Twar. Akanitolea begi kwenye buti, akainamisha kichwa, akasema, "Asante sana, madam, karibu tena." Tangu hapo hilo ndilo jina langu. Nikipiga simu ni "Naam, madam." Nikimwuliza kama atakuja siku ya ofu ni "Inshallah, madam," na haji. Rafiki yake ameniambia ule ukanda hajaukata, anauficha ndani ya mkono wa sare. Mimi najivunia mume wangu, na ndiyo sababu niliumia. Nifanye nini aniite tena Mama Ivy?

Jecinta, Al Twar

Mwanangu Jecinta,

Ulinisihi nisicheke, nami nilijizuia mpaka kwenye kona za shuka. Hapo nilishindwa. Nyani haoni kundule. Ulilala kitandani kama mgeni, ukaamka ukakitandika kama mfanyakazi, kila asubuhi ya Mungu, kisha ukamkasirikia mwenzio kwa taulo za siku moja. Na unajua kwa nini alikuwa amesimama ukutani peke yake? Alikuwa anakungoja. Alikwita majini, ukamwambia atangulie.

Ile bakshishi nayo hukuielewa. Mtu anayejiona duni haiweki chini ya mto, anaitia mfukoni. Mumeo aliipokea kwa adabu, akaitoa kwa adabu, akampa mwanamke anayefanya kazi kama yako. Alipomfikiria Proscovia alikufikiria wewe. Marehemu baba yangu alipotoka Unguja alianza kwa kubeba magunia gatini hapo Deira, na sikumsikia hata siku moja akilionea haya gunia. Una haki ya kujivunia mume, lakini umejivunia shati ukasahau aliyelivaa.

"Madam" ni neno la kazini kwake. Ndilo analowaambia wanawake wanaopita kwenye mlango anaoulinda bila kumtazama usoni. Kwenye teksi ulisema naye kama wao, akakujibu kama anavyowajibu wao. Imekuuma, na ilikuwa haki ikuume.

Sasa acha kupiga simu, maana simu ndiyo inayompa nafasi ya kukwambia inshallah. Siku yako ya ofu songa ugali, upike na mboga anazozipenda, panda basi uende Muhaisnah, usimame pale basi la kampuni linapowashusha walinzi. Akishuka mwambie kwa sauti, "Pole na kazi, Baba Ivy." Usimnong'oneze. Ulimvunja mbele ya dereva wa teksi, mjenge mbele ya wenzake. Mkishakaa, mwambie kwamba alikuwa anakungoja bwawani na wewe ukachelewa kwa ajili ya shuka. Mwombe radhi kwa neno la teksini, kisha nyamaza ale.

Na ukanda usimwambie akate. Anauvaa kwa sababu siku zile alikuwa na mlango wake na mkewe ndani yake. Mtu aliyechoshwa na mkewe hafichi kitu kama hicho kwenye sare.

Mkijaliwa kwenda tena, akitaka kubeba taulo mwache abebe. Wewe asubuhi kitazame kitanda kilivyovurugika, ukiache vivyo hivyo, mshike mumeo mkono mwende majini. Kitanda kilichovurugwa na mume na mke si uchafu, mwanangu. Proscovia atakitandika, na kazi hiyo anaiweza kama wewe.

Bi Sikujua